Chai ya Kuketi

Asubuhi hapa Karagita, kando ya ziwa, huanza na vitasa. Kabla ya jogoo, kabla ya redio, mlango mmoja unalia, halafu wa pili, halafu ploti nzima. Kama umewahi kupanga chumba kimoja kwenye safu ya mabati unajua ninachosema. Watu wanatoka gizani kuwahi basi la kwenda kukata maua mashambani, andazi mdomoni, kamba za viatu zikiburuta. Mimi huwa nimeketi mlangoni kwangu juu ya kigoda, kikombe mkononi.

Juzi jirani wa chumba kinachofuata alisimama mbele yangu. Alikuwa anakunywa chai kwa mkono mmoja na kumpaka mtoto wake mafuta kwa mkono mwingine.

"Boss, leo huendi?"

"Naenda."

"Unaenda na umeketi hivyo kama chifu? Basi itakuacha!"

"Ikiniacha nitaifuata na mguu."

"Haya. Supavaisa atakufundisha vizuri."

Alikuwa anasema kweli. Supavaisa alikuwa amenionya kwamba nikichelewa tena nisijisumbue kurudi. Lakini wakati huo sikuwa namsikiliza jirani. Nilikuwa nanusa. Yale mafuta aliyompaka mtoto ni mafuta ya kukamulia, yale ya mkebe, ambayo ng'ombe hupakwa chuchu zisipasuke. Harufu ile ilinichukua pale pale mlangoni ikanirudisha kijijini Bahati, mbele ya moto wa nyanya yangu.

Nyanya hakuona sababu ya kununua mafuta mawili. Akimaliza kukamua, kilichobaki viganjani kilikuwa cha uso wangu. Alinisugua kama anayeng'arisha sufuria, masikio yakaunguruma, na nikitoka nje vumbi lote la njiani lilijua mahali pa kutua. Nje kulikuwa na ukungu ulioshuka kutoka Menengai, mzito hata choo hukioni mpaka ukifikie. Nilikata majani ya nepia yenye umande, nikampelekea ng'ombe, nikarudi vidole vimekufa ganzi. Ndani kulikuwa na moshi wa mkaratusi, maziwa yanayopanda, redio ikisoma matangazo ya vifo, na kiazi kitamu ndani ya jivu ambacho ulikijua kimeiva kwa sukari iliyotoka na kuungua kwenye ganda.

Kisha, mwenzangu, uliketi. Hapo hapakuwa na mjadala. Uwe umechelewa, uwe na mtihani, mvua iwe inakuja, chai katika nyumba ile ilinywewa umekalia kigoda na miguu imegusa chini. Nikijaribu kuimeza nimesimama, nyanya aliniondolea kikombe.

"Anayekunywa chai amesimama ni mtu anayefukuzwa," alisema. "Wewe nani anakufukuza?"

Nilikuwa mtoto wa maswali, na siku moja nikamuuliza yeye ni nani aliyemfukuza. Alichochea moto. Halafu akaniambia kwamba kabla sijazaliwa alikuwa na shamba lake upande wa juu, mbele ya Njoro. Asubuhi moja ya zile vurugu za ardhi majirani walikuja na moto na mishale. Alitoka mbio na kikombe mkononi, akanywa akikimbia, kwa sababu hakujua atakunywa tena lini. Shamba hakurudishiwa. "Kikombe ndicho nilichofika nacho," alisema, akakigonga kwa ukucha. Kilikuwa kile cha bati chenye ua jekundu, ambacho kila siku alikinywea yeye.

Sikumuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo niliketi bila kuambiwa.

Halafu shuleni kwetu akaja mwalimu mkuu mpya. Aliamuru wanafunzi wa madarasa ya juu wawe ndani kabla ya jua kutoka, wakisoma kwa taa, na geti lifungwe. Nyanya aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Jua lenyewe bado limelala, anataka kumfundisha nani?" Alinikalisha kama kawaida. Nilifika geti limefungwa, nikapigishwa magoti kwenye changarawe pamoja na wengine waliotoka mbali. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Jioni moja nyanya akaona magoti yangu.

"Haya yana nini?"

Nikamweleza. Nilimwomba aniache niwe natoka mapema tu, chai nitakunywa njiani kama wenzangu. Niliogopa kufukuzwa shule. Na yeye alitaka nisome kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa ameuza ndama kwa ajili ya sare yangu.

"Kusoma utasoma," akasema. "Lakini hutaenda shule kama mkimbizi."

Kesho yake tuliondoka pamoja. Nilibeba mkoba, yeye akabeba thamosi na kigoda. Tulipofika, geti lilikuwa limefungwa na wenzangu wamepiga magoti. Nyanya akaweka kigoda katikati ya njia, mbele ya geti kabisa, akanikalisha, akamimina chai. Madirisha ya shule yote yalijaa vichwa. Ningekuwa na uwezo ningezama ardhini na kile kikombe. Mwalimu mkuu akaja, tai imenyooka, fimbo kwapani.

"Mama, hii ni shule. Si hoteli."

"Najua, mwalimu. Ndio maana nimekuja na chai yangu."

Vichwa vikacheka. Mwalimu akageuka, vikatoweka.

"Huyu mtoto amechelewa."

"Hajachelewa. Ako hapa, anakunywa chai. Akimaliza ataingia. Na hawa wengine wakimaliza changarawe yako, thamosi bado ina kitu."

"Unanivunjia sheria zangu mbele ya watoto, mama."

"Wewe ulikunywa chai asubuhi, mwalimu?"

Akahamishia fimbo kwapa la pili.

"Umeketi?"

Sijui mwalimu alimwona nani katika uso wa nyanya. Labda mama yake. Alisimama pale mpaka nikamaliza, na nilikunywa polepole, maana nyanya alikuwa akinitazama. Halafu mwalimu akamwambia bawabu afungue. Tangu siku ile geti lilikaa wazi mpaka kengele ya pili. Hakutangaza, wala hakuomba radhi. Wenzangu waliinuka wakijipangusa magoti, na jina langu likawa Chai mpaka mwisho wa shule.

Mwisho wenyewe haukuwa mbali. Nyanya alifariki kabla sijamaliza darasa la nane. Mjomba akanichukua Njoro, kwenye nyumba ambayo chai ilimwagwa kooni kila mtu akitafuta soksi. Asubuhi moja nilitoka na mkoba na kigoda, nikalipita geti la shule, nikaendelea kutembea. Sijaacha. Nimevuna ngano, nimeosha magari Nakuru mjini, nimefunga mabomba, sasa hivi maua. Kila nilipokwenda nimeuliza watu mambo yao, na nimejifunza mengi kuliko yale ya ubaoni. Jamaa zangu wanasema nyanya ndiye aliyeniharibu, kwamba alinilegeza kwa chai. Nawajibu hapo hapo: yeye ni mtu pekee aliyewahi kuniambia kwamba asubuhi ni yangu. Walegevu ni wanaokimbia kila mara honi inapolia.

Nilipita Bahati mwaka huu. Nyumba haipo. Mjomba aliuza, na pale moto ulipokuwa pamesimama ghorofa ya kupangisha, ngazi za saruji, nguo kwenye kamba. Mkaratusi umekatwa. Kikombe cha bati sijui kilienda na nani. Kigoda ndicho nilichotoka nacho, na kila ninapohama ndicho hutoka kwanza.

Basi juzi, honi ya kwanza ya basi ilipolia, jirani alikuwa bado amesimama na chai inamchoma mdomo. Niliinuka nikamsukumia kigoda.

"Keti."

"We ni mwendawazimu? Basi ndiyo hiyo!"

"Nani anakufukuza? Keti."

Akaketi, nadhani kwa mshangao tu. Mtoto akajiegemeza kwenye magoti yake, uso unang'aa. Akanywa funda moja, akanywa jingine.

"Kumbe huwa naweka tangawizi," akasema.

Honi ya pili ilimnyanyua, akamwacha mtoto kwa mlezi wa ploti, akaliwahi basi mlangoni. Mimi nilisuuza kikombe changu, nikaenda kwa mguu. Supavaisa alikuwa ananisubiri, na alilolisema mnalijua. Nilirudi nyumbani nikitembea taratibu, jua likiwa zuri juu ya ziwa.

Leo sina kazi, lakini niliamka, nikawasha jiko, nikaketi. Kabla ya vitasa kuanza, mlango wa jirani ulifunguka. Alikuja na kikombe chake na mtoto, akasimama mbele yangu.

"Chifu," akasema, "sogea."

Nikampisha kigoda, nikakaa kizingitini.