Siku Shosho Alipotufungia kwa Mstari Mmoja

Nikiwa mtoto wa darasa la tano, likizo zote mimi na ndugu yangu Kim tulizimalizia Riruta kwa shosho, mama yake mama yangu. Sisi tuliishi Woodley, na mama alifanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja mjini, hivyo hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia watoto. Shosho alikuwa na ploti ya vyumba vya kupangisha. Nyumba yake ilikuwa mbele, ya mawe, yenye mlango wa chuma na grili kwenye kila dirisha.

Shosho alikuwa mtu wa kanisa hasa, lakini alikuwa na desturi moja ambayo sikuwahi kuiona kanisani. Akiwa na jambo linalomsumbua, alifumba macho, akafungua Biblia popote, akashusha kidole. Pale kidole kilipotua, ndipo Mungu alipomjibu. Aliwahi kuuza ng'ombe kwa njia hiyo, na kumkataa mpangaji kwa njia hiyo hiyo. Mimi niliona ni muujiza. Leo naona alikuwa mtu aliyeogopa sana kuamua peke yake.

Alfajiri moja bundi alilia juu ya mabati yetu. Shosho aliruka kutoka kitandani. Miaka michache kabla ya hapo bundi alilia vivyo hivyo, na wiki ileile mjomba Njoroge, kitinda mimba wake, akagongwa na gari pale Dagoretti Corner. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Aliwasha taa, akafumba macho, akafungua Biblia. Kidole kilitua kwenye Isaya, sura ya ishirini na sita, mstari wa ishirini, pale watu wanapoambiwa waingie vyumbani mwao, wafunge milango na kujificha mpaka ghadhabu ipite.

"Mmesikia?" alituuliza. "Hakuna kutoka. Na mtu asifungue."

Akatia kufuli kwa ndani, ufunguo akaufutika kifuani. Simu akaizima.

Mwanzoni niliona kama mchezo. Kisha joto likaanza kutubana. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na kwa kuwa choo kilikuwa nje, tulitumia ndoo. Tuliwasikia wapangaji wakifua na kucheka hatua chache tu kutoka ukutani. Mmoja alibisha kuuliza kama tuko salama, shosho akamjibu kwamba tuko kwa maombi, naye akaenda zake.

Jioni Kim, ambaye alikuwa bado mdogo wa kubebwa, alianza kutapika, kisha kuhara. Kulipokucha macho yake yalikuwa yamezama, na hata kulia alikuwa ameacha.

"Shosho, tumpeleke hospitali," nikamwambia.

"Kifo kiko huko nje, Ciru. Humu ndani tuko salama."

Alikuwa amempakata, akimnywesha maji kwa kijiko huku machozi yakimtiririka. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Angekuwa mkatili, ningemchukia na kupiga mayowe mpaka ploti nzima ije. Lakini alimpenda Kim kuliko nafsi yake, na alikuwa na Mungu upande wake. Nilihisi nimefungiwa na wote wawili, na sikujua nimlilie nani.

Mama alifika karibu na adhuhuri. Alikuwa amepiga simu tangu siku iliyotangulia bila kutupata, akaomba ruhusa kazini.

"Mami, fungua mlango," akamwambia shosho kutoka nje.

"Siwezi. Nimepewa neno." Shosho akamweleza yote, bundi na mstari, mdomo wake ukiwa karibu na chuma.

"Mum, Kim ni mgonjwa sana!" nikaropoka.

Nilidhani mama ataanza kuupiga mlango mateke. Badala yake aliongea taratibu, kama mtu anayezungumza na mwenzake aliyesimama ukingoni mwa shimo.

"Sawa, Mami. Lakini hiyo sura umeisoma yote?"

"Mstari niliopewa unanitosha."

"Nikikuja kukueleza jambo, utashika neno moja la katikati uende nalo? Ciru, soma kutoka juu. Kwa sauti."

Nikasoma. Sura inaanza kwa kusema kwamba huo ni wimbo utakaoimbwa katika nchi ya Yuda. Na katika mstari wa pili tu, inaagizwa malango yafunguliwe.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia.

"Ni akina nani hao wanaimbiwa wafungue, Mami?"

"Watu wa Yuda," shosho akajibu kwa sauti ndogo.

"Na mstari wako wa ishirini ni wa akina nani?"

Nikaendelea kusoma mpaka nikaufikia, na humo mlikuwa na maneno ambayo shosho hakuwa ameyatilia maanani: kwamba kujificha kwenyewe ni kwa kitambo kidogo tu.

"Kitambo kidogo," shosho akarudia. Akamtazama Kim, kisha mkono wake ukaingia kifuani.

Kim alilazwa, akawekewa dripu. Daktari alimwambia mama kwamba angechelewa zaidi kidogo, asingemkuta hai. Leo Kim ni fundi wa simu mjini na hakumbuki chochote. Shosho aliendelea kuwaogopa bundi mpaka alipofariki, lakini tangu siku hiyo alinitaka nimsomee sura nzima, na kabla sijamaliza aliuliza, "Hawa walikuwa wanaambiwa na nani, na kwa nini?"

Nilikua nikiamini kwamba siku ile mama alimfundisha shosho kusoma Biblia. Mwaka huu nilimwambia hivyo, tukiwa jikoni kwake, naye akacheka.

"Kwani mstari wa pili ulihusu mlango wa Riruta? Mimi pia nilichomoa ulionifaa. Nilikuwa natafuta ufunguo, Ciru, sikuwa natafuta maana. Maana niliitafuta baadaye, nikiwa nimetulia."

Nilimwelewa, kwa sababu nimewaona watu wengi wakichomoa mistari, nami mwenyewe nimechomoa, na kila mmoja wetu alikuwa na hofu yake aliyotaka kuinyamazisha.

"Na kama sura ile isingekuwa na malango?" nikamuuliza.

"Ningeita wapangaji wavunje mlango," mama akasema. "Nyinyi wawili mngetoka. Shosho wako angebaki amefungiwa na mstari ule mpaka kufa."