Dawa ya Likizo

Kila asubuhi mke wangu huweka kidonge kimoja kando ya kikombe changu cha chai, kisha husimama hapo mpaka nikimeze. Akishaliona koo langu limecheza, huenda zake jikoni. Mimi ni mtu mzima mwenye digrii, nimeandika makala nikiwafundisha mawaziri jinsi ya kuendesha nchi, lakini nyumbani kwangu siaminiwi hata kwa kidonge kilicho kidogo kuliko punje ya hindi. Ana sababu. Nilimsimulia habari za kaka yangu kabla hatujaoana, na nadhani alinikubali akiwa amekwisha kuamua kwamba mambo hayo hayataingia nyumbani kwake.

Kaka yangu alikuwa fayamani wa gari la moshi pale Nakuru, katika miaka ya hamsini. Fayamani ndiye aliyechunga moto wa injini na maji ya boila, huku dereva akichunga njia. Watu wengine hurithi shamba. Sisi tulirithi reli. Baba yetu alikuwa amekuja kutoka magharibi kutengeneza njia ya reli, na siku moja, akiwa bado hana mvi, alianguka akijinyoa ndevu, akafa kabla povu la sabuni halijakauka shavuni. Kwetu ilijulikana wazi kwamba ni mkono wa jirani. Hata jirani mwenyewe alihama.

Kaka aliishi landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, yeye na shemeji yangu na binti yao mchanga, katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Upepo ukitoka ziwani ulileta vumbi la magadi, ukitoka upande wa pili ulileta harufu ya pareto, ua la dawa ya wadudu, na kaka alisema ndiyo sababu mbu wa Nakuru wana adabu. Alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka kwa sauti kubwa mpaka majirani wa chumba cha tatu wakawa wanacheka pia bila kujua sababu. Mimi nilikuwa nasoma Kampala, na kila likizo nilishukia Nakuru na sanduku la vitabu nisivyofungua, nikalala upande wa jikoni wa pazia.

Damu ilimtoka puani mara ya kwanza wakipanda kutoka Elburgon kwenda Molo. Alijiziba na pamba ya kufutia grisi, akaendelea na kazi. Dereva wake alisema ni joto. Baadaye kichwa kikaanza kumgonga kisogoni kila akiamka, na shemeji akamshika mkono kama mtoto, akampeleka hospitali. Daktari alikuwa Mzungu mzee asiyependa maneno. Alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Akafunga mkono wa pili, akasikiliza tena. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akatafsiri.

“Daktari anasema damu yako inasukuma kwa nguvu kupita kiasi.”

“Si ndio vizuri? Mimi ni kijana.”

“Si vizuri. Anauliza baba yako alikufa na nini.”

“Mwambie jirani.”

Dresa alimtazama, akafikiri, akatafsiri kitu kingine.

Hukumu ilikuwa hivi. Vidonge kila siku, maisha yake yote. Chumvi aipunguze. Na mpaka damu itulie, asipande injini. Atabaki shedini, banda la injini, kuosha vyuma na kufagia. Hili la mwisho ndilo lililomuua roho. Jina lake lilikuwa limekwisha kupelekwa mbele ili awe dereva wa injini ya kupanga mabehewa pale stesheni. Ilikuwa injini ndogo, isiyotoka nje ya yadi, lakini ni dereva, na mtu wa rangi yetu kuwa dereva siku zile halikuwa jambo dogo. Daktari asipoweka sahihi, angeshika ufagio hadi uzeeni.

Hakuna aliyeelewa. Ugonjwa huo tuliusikia kwa wazee wanene wenye maduka, watu wa kukaa kitini. Kaka alikuwa hajafika hata miaka thelathini na tano, mwembamba kama reli yenyewe. Landhi nzima ilikuja kutoa maoni.

“Hiyo dawa ukianza, huachi,” alisema dereva mmoja mzee. “Ni kama kuoa.”

“Kuoa mtu anaacha,” akadakia mke wake kutoka mlangoni. “Wewe jaribu tu, uone.”

“Tena inamaliza nguvu za bwana. Kuna mtu wa Kisumu ilimfanya hivyo. Sasa bibi ndiye anafunga mlango usiku,” akasema jirani mwingine.

Walicheka wote. Shemeji hakucheka. Nilipofika likizo alinivizia nikiwa nachota maji mferejini.

“Shemeji, wewe umesoma. Hiyo maneno ya dawa ni kweli?”

Nilikuwa nasoma historia. Angeniuliza habari za wafalme wa Uingereza, hata wale wasio na maana, ningemjibu mpaka ndoo ifurike. Badala yake nilimpa neno moja refu la Kilatini ambalo halikuhusu mwili wa binadamu, na yeye akanishukuru kwa heshima, akaenda na ndoo yake.

Lakini kweli ilionekana kwa macho. Vidonge vilimziba pua na kumlegeza. Alikaa kwenye kigoda akitazama ukuta uliopakwa chokaa kana kwamba umeandikwa kitu. Mtoto akimpandia magotini alimshika vizuri, akamwacha ateremke. Siku moja nilimkuta analia, na nilipomuuliza alisema hajui, machozi yanakuja tu kama jasho. Majirani wa chumba cha tatu nao walinyamaza.

Hapo ndipo nilipomhutubia. Nilisimama, nadhani nilisimama kabisa, nikamweleza kwamba mwili ni kama boila: mishipa ni mabomba, moyo ni moto, na boila ikizidiwa hupasuka. Nilijiona mwalimu hodari.

“Profesa,” alisema, taratibu, na pua yake imeziba, “boila nazijua. Ukizima moto ndio isipasuke, gari inalala Njoro.”

Likizo yake ya mwaka ikafika. Watu wa reli walipewa safari ya bure hadi kwao, na kaka alikwenda na familia yake kwa mama, magharibi, mwezi mzima. Mama alikuwa haogopi dawa wala daktari; aliogopa tu kumzika mtoto. Kila asubuhi alimkalia mbele na kidonge kiganjani. Kaka alilala chini ya ghala la mahindi, akaamka, akala mboga zisizo na chumvi, akalala tena. Shemeji aliniambia baadaye kwamba alikuwa kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

Aliporudi Nakuru alipimwa. Daktari alisikiliza, akafungua kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Damu ilikuwa imeshuka vizuri sana. Aliweka sahihi kaka arudi kwenye injini, akasema aendelee hivyo hivyo.

Basi, kila mtu alielewa alivyoelewa. Daktari alimaanisha vidonge. Kaka, kama ambavyo mtu yeyote wa landhi angefanya, alitazama maisha yake akaona yamegawanyika mahali pawili, kazi na likizo, na dawa ikaingia upande wa likizo kama shati la kwenda nyumbani. Alikuwa na hoja, tena si ya kipumbavu. Mtu wa kuita zamu hakuwa na saa. Alipita landhi akigonga milango alfajiri, adhuhuri, wakati wowote treni ilipohitaji watu. Utameza saa ngapi kidonge cha kulegeza mwili kama hujui utaitwa saa ngapi? Na fayamani akisinzia, maji yakashuka kwenye boila, haendi kaburini peke yake.

“Kazini nataka macho,” alituambia, akipandisha kopo la vidonge juu ya kabati. “Hii ni dawa ya likizo.”

Tena akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Mtoto alishtuka kwanza, kisha akapiga makofi.

“Nimerudishiwa bwana yangu,” shemeji aliniambia, na uso wake uling’aa. Hata mimi nilikuwa nimerudishiwa ndugu. Chumvi ikarudi kwenye sufuria. Nyumba ikawa na kelele tena, na hakuna kati yetu, msomi au asiye msomi, aliyeinua macho kutazama juu ya kabati.

Mwaka uliofuata alifanya vilevile. Alikwenda likizo, mama akamkalia mbele na kidonge, akarudi amelegea na damu imetulia, akapimwa kwa ajili ya udereva, akapita. Daktari alimsifu mbele ya wagonjwa wengine kama mfano wa mtu anayefuata maagizo. Kaka aliporudi nyumbani alituigizia daktari, mpaka miwani, na shemeji alicheka akaegemea ukuta.

Tulichinja kuku mchana kweupe mbele ya mlango. Mimi nilitoa hotuba kwa Kiingereza, ambayo haikuombwa na mtu. Jumatatu yake kaka aliendesha injini kwenye njia iliyopita nyuma ya landhi, akapiga honi, na shemeji akatoka mbio mikono ikiwa na unga, mtoto kiunoni, akasimama pale kwenye moshi mpaka mabehewa yote yapite. Nikiulizwa furaha ni nini, hadi leo sina jibu jingine.

Hakikupita kiangazi. Mtu wa kugeuza njia za reli yadini aliona injini imesimama mahali ambapo haikupaswa kusimama, akapunga bendera, haikujibu kwa honi. Walipopanda, fayamani wake akiwa ameshuka kufunga mabehewa, walikuta breki imefungwa na mvuke umefungwa, kila kitu mahali pake, na kaka amekaa chini, ameegemea ukuta wa injini, mdomo umekwenda upande. Wenzake walilisema hilo kwa fahari kwa miaka: alisimamisha injini kwanza, ndipo akaanguka. Sikuwahi kujua nifanye nini na fahari hiyo. Ninayo nami.

Hakufa. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakafa. Nilifika mwisho wa muhula, askari wakanipekua stesheni kama walivyopekua kila mtu miaka ile ya vita vya msituni, vitabu vyangu vikamwagwa chini, na nilipofika landhi nilimkuta kwenye kigoda kilekile, mbele ya ukuta uleule. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa imekwisha. Walikuwa wakingoja siku ya kuhama kwenda kwa mama. Shemeji sasa alimpa vidonge kila siku, asubuhi na jioni, bila kukosa. Alivisaga kwa kijiko, akavichanganya na uji, akamfuta kidevu. Alifanya hivyo akizungumza naye muda wote, habari za bei ya mkaa na za mtoto kuchafua gauni, kana kwamba zamu ya maneno ya wote wawili sasa ni yake.

Alasiri moja mtu wa kuita zamu alipita. Alikuwa anamtafuta jirani wa chumba cha pili, lakini kuta za landhi ni moja, na mlango ukigongwa kule huku kunatikisika.

“Haya, amka! Mzigo wa Timboroa!”

Kaka aliinua kichwa. Mkono wa kushoto ukashuka, ukapapasa chini ya kitanda, ukakuta kiatu cha kazi, kile kizito chenye ngozi iliyokakamaa kwa mafuta. Akakivuta. Akajaribu kukivaa kwa mkono mmoja, kwenye mguu usiosikia. Niliinuka ili nimwondolee. Nilikuwa na maneno tayari, ninayo maneno tayari siku zote.

“Wacha, shemeji,” alisema shemeji. “Ukimnyang’anya analia.”

Alipiga magoti, akamvika kiatu, akafunga kamba vizuri, mafundo mawili, kama mtu anayekwenda safari ndefu. Kisha akachukua kijiko, akamlisha dawa ya jioni kabla ya wakati wake. Kaka alimeza. Alikaa wima, ametayarika, macho mlangoni, mpaka dawa ikamlegeza, kichwa kikashuka polepole kifuani.

Shemeji hakumvua kiatu. Alisema akiamka atakitafuta.