Kidirisha Kilichomkosa Mama Salu

Nyamizi binti Ngeleja alinyang'anywa shamba mbele ya kijiji kizima, na aliyemnyang'anya hakushika panga wala hakwenda mahakamani. Kilitumika kidirisha cha kutafutia maneno kwenye kompyuta.

Siku ya mkutano, Dastan, mtendaji wa kijiji, aliweka kompyuta mezani, akafungua orodha ya mashamba, akaandika "Nyamizi Ngeleja", akabonyeza. Akainua kichwa. "Hayupo." Basi. Kurasa tisini na sita, hakugeuza hata moja. Mashimba, shemeji yake Nyamizi, alikuwa benchi la mbele akichokonoa meno. Wiki hiyohiyo akafunga maksai, akalima ekari tatu ambazo marehemu Mayige, kaka yake, alimwachia mkewe Nyamizi, akapanda pamba.

Nyamizi hakusoma, lakini hakuwa mjinga. Siku shamba lilipopimwa alikuwapo, na kalamu aliiona ikitembea. Akaenda Bariadi mjini kwa Goodness, mwenye steshenari, aliyeichapa orodha ile.

"Mwangaluka, mayu. Karibu kiti," Goodness akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Kiti baadaye. Nitafute mimi kwanza. Nasikia nimepotea."

Goodness akacheka, akaandika jina. Hakuna kitu.

Nyamizi akaikodolea macho skrini. "Hicho kidude kinatafuta mtu?"

"Hapana, mayu. Kinatafuta herufi tu, vile zilivyoandikwa."

"Basi kingesema hivyo! Ng'ombe akipotea, mchungaji hasemi hayupo. Anasema, nimetafuta bondeni, mlimani sijafika. Halafu anauliza: ana rangi gani, ana alama gani?"

Goodness akaacha kucheka. "Kijijini wanakuitaje?"

"Mama Salu."

Goodness akaandika hilo, akafungua orodha ya pembeni, ile inayoonyesha kila mahali neno lilipo pamoja na mstari wake. Dastan hakujua hata kama ipo. Mistari minne ikajipanga, neno limepakwa njano. Wa tatu Goodness akausoma kwa sauti: "Mama Salu, mjane wa Mayige, ekari tatu, mpaka wa minyaa."

Hapo Nyamizi akakaa. Akakumbuka siku ya kupima. Mwandishi alipouliza jina, aliyejibu ni Mashimba: "Andika Mama Salu. Kwetu mke wa kaka haitwi kwa jina la kuzaliwa." Ilikuwa heshima, na Nyamizi aliipokea. Kumbe pale mkutanoni mtu huyo alijua, akaendelea na meno yake.

Goodness akachapa ukurasa ule. Kisha, bila kuombwa, akaandika juu kabisa ya orodha: "Ukikosa jina, tafuta la mtoto, la mume, au la mpaka."

Dastan alipoletewa karatasi akajipiga paji la uso. "Kumbe ndiye wewe! Basi, mama, yamekwisha." Akasahihisha ofisini, mlango umefungwa.

Hayajakwisha. Dastan alikosea hadharani, akatubu chumbani. Anadaiwa mkutano mwingine, na watu walewale, na sauti ileile. Mashimba anadaiwa ekari tatu, maana karatasi imerudi lakini pamba yake bado imesimama mle, imefika magotini. Tena anadaiwa kusema kwa kinywa chake, mbele ya ukoo wa Mayige, ni nani aliyemtajia mwandishi jina lile.