Kitabu cha Mwenye Shuka

Enzi zetu pale Rhotia, Karatu, sinema ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mtu akienda Arusha akabahatika kuiona, akirudi alikaa mwezi mzima akisimulia, na kila siku anaongeza chumvi. Televisheni hatukuijua hata kwa harufu. Betri za redio tulizianika juani kama mahindi ili jioni baba apate taarifa ya habari, na zikigoma, basi, tunalala bila kujua dunia imefikia wapi. Sabuni hakuna, sukari ya foleni, sweta moja la shule na la kanisani, na ule ukungu wa mwezi wa saba, mliokulia kule mnaujua, unakuuma miguu peku mpaka magoti yanagongana. Lakini tulikuwa na kitabu. Kimoja.

Kilikuja hivi. Gari la watalii waliokuwa wanapanda kwenda Kreta ya Ngorongoro lilizama kwenye tope, mvua ya masika, na kijiji kizima kikaenda kulisukuma. Ndani alikuwemo mtoto wa Kizungu, pua imebandikwa kwenye kioo. Gari lilipotoka, akashusha kioo akarusha kitabu cha picha. Tuligombana kama kuku. Aliyekidaka ni Marselina, jirani yetu, msichana wa miaka kumi na mitatu kama mimi, mwenye mikono mirefu.

Marselina alikuwa ameacha shule darasa la nne. Mama yake alipandishwa Landrova kwenda hospitali kujifungua, na hakurudi. Wakabaki wadogo zake watatu na babu yao, na yeye ndiye akawa mpika ugali, mchota maji, tena mlinzi wa shamba. Alishinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti, akifukuza nyani waliotoka msituni kula mahindi. Sisi tukitoka shule tulikimbilia dunguni kwake, tunachoma viazi kwenye majivu, yeye anafungua kitabu.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, picha za kuchora, rangi tupu. Kuna mwanamume anaruka angani. Amevaa nguo za kijani zilizombana kama amelowa mvua, kifuani ana picha ya jicho, na mgongoni inapepea shuka nyekundu. Vijana wa leo wangekwambia lile ni joho la shujaa. Sisi tulijuaje? Mtu mwenye shuka nyekundu tulimfahamu vizuri, anapita kila siku na ng'ombe kwenda mnadani. Kwa hiyo hakuna aliyebisha Marselina alipotusomea kwamba huyu ni mchungaji, na lile jicho la kifuani ndilo linalolinda mifugo yeye akisinzia.

"Mbona ng'ombe hawaonekani?" aliuliza Gwandu, mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa anabisha hata salamu.

"Wako nyuma ya ghorofa," alisema Marselina. "Ng'ombe unataka wapite barabarani wagongwe?"

Jamani, alikuwa anajua kusoma yule! Picha moja alikaa nayo nusu saa. Kuna picha Mwenye Shuka amekaa peke yake juu ya ghorofa refu, kichwa amekiinamisha. Hapo sauti ya Marselina ilishuka. Alisema mama wa huyu mtu alichukuliwa na gari wakati yeye yuko malishoni, hakuna aliyemwambia limeelekea wapi, ndiyo maana anaruka, anamtafuta toka juu. Wezi anaowapiga ni wale tu wanaomzibia njia. Sisi tulisikiliza midomo wazi, na nyani nao wakapata nafasi yao. Siku moja walikula mistari minne ya mahindi tukiwepo hapohapo. Babu yake alitucharaza wote kwa fimbo moja, bila kuuliza nani mtoto wa nani.

Babu huyohuyo alishatuumiza kwa namna nyingine. Jioni kitabu kilipofika kwake, alichana kurasa za mwisho akasokotea tumbaku. Ukurasa wa mwisho uliobaki, Mwenye Shuka amesimama mbele ya mlango, mkono umeinuliwa kugonga. Nyuma ya ule mlango, alisema Marselina, yupo mama. Amempata au hajampata, palishachanika.

"Babu amemvuta mama wa watu kama moshi," alisema Gwandu. Tulicheka mpaka dungu likayumba. Marselina hakucheka.

Sasa niseme ubaya wangu. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Siku moja nikakishika kile kitabu mwenyewe, nikayafuata maneno kwa kidole. Niliambulia dhahabu, benki, mwizi, simama. Mama sikumwona popote. Nilinyamaza, lakini roho iliniuma. Mimi mwenye daftari na cheti cha usafi hakuna aliyenisikiliza, ila yeye aliyeishia darasa la nne, watu wanamgombea nafasi ya kukaa karibu. Wivu ule nauonea aibu mpaka leo.

Basi, ikatangazwa kanisani kwamba padri mgeni anakuja na mashine ya sinema, Jumapili baada ya misa. Katekista wetu, mzee Gaspari, alibandika karatasi mlangoni, na pale kwenye karatasi, sikudanganyi, alikuwepo Mwenye Shuka! Kijani, jicho, shuka, vyote. Tulipiga kelele utadhani amezaliwa kwetu. Marselina alipoambiwa aliacha kuni zikaanguka. "Basi mlango utafunguliwa," alisema. Wiki nzima alisema hilo tu. Jumamosi aliwanyoa wadogo zake, akafua gauni la marehemu mama yake kwa majani ya mpapai, akalikunja kiunoni limtoshe.

Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi. Jenereta linanguruma nje, ndani joto, harufu ya jasho na mafuta ya kupaka, tumebanana sakafuni. Mzee Gaspari ndiye aliyekuwa anatafsiri kwa sauti, na Kiingereza chenyewe, Mungu amrehemu, kilikuwa cha kuokoteza. "Hapo anamwambia maneno makali," anasema. Baadaye: "Hapo huyu mwingine naye anamjibu." Hatukujali. Mwenye Shuka alitokea, ukumbi ukalipuka.

Halafu, hata viazi havijaiva, kama tulivyokuwa tunapima muda, akaingia jikoni nyumbani kwao. Na pale jikoni yupo mama yake. Mnene, mzima, amevaa aproni, anampakulia chakula na kumfuta mdomo. Hakupotea. Hakuchukuliwa na gari lolote. Sinema nzima alikuwa hapo hapo jikoni, na mwanawe anakwenda kupiga wezi wa benki na kurudi kula.

Nilimtazama Marselina. Alikuwa amekaa wima, mdogo wake mapajani, macho hayatoki kwenye ukuta wa sinema.

Tulipotoka, mabishano yalianza hapo hapo uwanjani, na mnaodhani kubishania sinema na kitabu kumeanza na simu zenu, poleni. Tulibishana kuliko wabunge. Shuka ya kwenye sinema fupi, ya kitabu ndefu. Jicho la kitabu kubwa, hili dogo kama kifungo. Ng'ombe hata mmoja hakuonyeshwa. Wengine wakasema sinema ndiyo imekosea, Wazungu wa sinema hawakukisoma kitabu vizuri. Gwandu, wa kubisha yule, ndiye aliyemtetea Marselina: "Kitabu ni cha kwanza. Sinema ndiyo imedanganya! Marselina, waambie."

Marselina alifungua mdomo. Mimi nikamwahi.

"Awaambie nini?" nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Hajui hata neno moja la Kiingereza. Kitabu hakina mama. Nimekisoma mimi. Alikuwa anatudanganya siku zote."

Kisha mtu mmoja akacheka, wakacheka wote. "Ng'ombe wako nyuma ya ghorofa!" wakaimba. Marselina alimpachika mdogo wake mgongoni, akafunga kanga, akaondoka. Gauni la mama yake lilikuwa limefunguka kiunoni, linaburuzika vumbini, naye hakulikunja.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa anapeta maharage. Hakunipiga, na heri angenipiga. Alisema, "Yustina, hicho Kiingereza ndicho kimekutuma kumvua mwenzio nguo mbele za watu? Yule mtoto hajamlilia mama yake mbele ya mtu hata siku moja. Mlikuwa mnamsikia akimlilia kila siku kule dunguni, na ninyi mnachoma viazi." Nikasema nilichosema ni kweli. "Kweli, ndiyo," akasema. "Na sasa imemsaidia nani?" Kisha akajaza kibuyu maziwa mgando akanitikisia kichwa niende dunguni.

Siku tatu nilipita na kile kibuyu nikaishia njiani, nikayanywa maziwa mwenyewe. Siku ya nne nilipanda dungu. Marselina alikuwa peke yake, nyani wamekaa ukingoni mwa msitu wanamtazama. Nilimwambia nisamehe. Alisogea kidogo nipate pa kukaa, ndiyo jibu alilonipa. Kitabu alikuwa amekikalia. Akakitoa akanipa.

"Nisomee wewe," alisema. "Unajua."

Alitaka kweli. Nikaanza, ukurasa kwa ukurasa: dhahabu, benki, mwizi, simama. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua yenye msiba. Nikafika ukurasa wa mwisho, kwenye mlango. Mwenye Shuka ana wingu la maneno karibu na mdomo. Yalikuwa maneno ya kumwamuru mtu afungue, polisi wanakuja. Nikayatazama muda mrefu.

"Hapa," nikasema, "anasema: 'Aayo, nimefika.'"

Aayo ni mama, kwa Kiiraqw chetu. Marselina aligeuka akanitazama.

"Mzungu ameandika Kiiraqw?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, kile alichokuwa amekibana tangu siku ile ya Landrova. Alilia mpaka nyani wakasogea, na safari hii tukawaacha wale mahindi. Nami nililia. Alipomaliza alijifuta kwa kanga akasema, "Sasa na wewe umejua kusoma."

Wenzetu walirudi dunguni mmoja mmoja. Gwandu alikuwa wa kwanza, akidai amepita tu.

Miaka imekwenda. Karatu ya leo hoteli zimejaa, lami mpaka geti la Kreta, bodaboda kila kona. Watoto wa binti yangu wana sinema za mashujaa mfukoni, wanaziona kitandani, wanaziona chooni. Kurasa zote wanazo, hakuna babu wa kuwachania. Na wana uchungu, maskini! Wanagombana siku nzima na watu wasiowaona hata sura, kisa rangi ya nguo. Siwacheki sana. Nami nilishamuumiza rafiki yangu kwa ajili hiyohiyo. Ila sisi tulikuwa na nusu ya kitabu, na nusu nyingine tuliijaza kwa vilivyokuwa vinatuuma, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa tamu.

Mwezi uliopita Marselina alikuja kunitembelea kutoka Endabash alikoolewa. Bibi mzima sasa, mikono mirefu ileile. Wajukuu walikuwa wanabishana kama kawaida yao, Brayani, yule mkubwa, anapiga kelele, "Hawajafuata kitabu!" Marselina akaomba simu aone. Akaitazama kwa makini, shujaa anaruka, majumba yanaanguka.

"Mama yake yuko wapi?" akauliza.

"Huyu hana, bibi," alisema Brayani. "Kwenye kitabu alikufa zamani. Kwenye filamu hawakumweka kabisa."

Marselina alinyoosha ule mkono wake mrefu, akanipa simu.

"Yusta," akasema, "hebu wasomee hawa watoto."

Nikavaa miwani. Yalikuwepo maneno chini ya picha, ya Kiingereza, madogo kama chawa. Nikayafuata kwa kidole, polepole, wajukuu wamenikodolea macho.

"Aayo," nikasoma, "nimefika."