Kichwa cha Jumatano

Katika chuo chetu cha ufundi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, wanafunzi wa nywele hutafuta vichwa. Ndivyo wanavyosema: "Nahitaji kichwa." Hupita kwa waashi, kwa mafundi wa bomba na kwetu sisi washonaji, wakiuliza nani atakubali kukaa kitini Jumatano mchana ili wajifunze juu yake. Wengi hukataa. Mwanafunzi akikosea, wewe ndiwe utakayetembea na kosa lake mpaka nywele ziote tena.

Mimi nilikubali. Msichana aliyekuja mlangoni kwetu alipitisha macho darasa zima, kisha akaniuliza mimi. Sikuwa nimeulizwa kitu kwa muda mrefu.

Natoka upande wa pili wa mlima, Meru. Kwetu jua hutua nyuma ya mlima. Hapa Nyeri, siku ambazo hakuna ukungu, linachomoza nyuma yake, na bado sijazoea. Lugha zetu zinakaribiana, kwa hivyo wenzangu hudhani naelewa Kikuyu chote. Naelewa kiasi. Mzaha ukitolewa darasani wao hucheka, nami hupata maana wakati wameshamaliza kucheka na kurudi kazini. Kucheka peke yako baadaye ni vibaya kuliko kutocheka, basi nimejifunza kuinamia cherehani. Wananiita Meru, na si kwa ubaya. "Meru, leta pasi." "Meru, umemaliza na hiyo mkasi?" Kuna siku hayo ndiyo maneno yote ninayoambiwa.

Nilimaliza darasa la nane, nikakaa nyumbani nikichuma chai ya watu, mpaka mjomba wangu aliposikia kwamba chuo cha ufundi kinapokea hata aliyeishia shule ya msingi. Nimepanga chumba cha mabati karibu na barabara. Jioni napika ugali na kabichi, na nikishakula naosha sufuria mapema, kisha jioni inabaki ndefu. Ijumaa wenzangu huenda makwao, Othaya na Mukurwe-ini na kwingineko, kwa kuwa si mbali. Jumapili naenda kanisani na kukaa benchi la nyuma. Mchungaji akisema tusalimiane na jirani, nashikana mikono na wa kushoto na wa kulia, kisha tunakaa.

Kwa hiyo Jumatano ilikuwa siku yangu. Mwezi wa saba maji ya bomba Nyeri yanauma kama barafu, lakini yeye alikuwa akichemsha ya birika na kuyachanganya kwenye jagi, akiyajaribu kwanza kwa kifundo cha mkono wake. Alininyoa, akanichonga ukingo wa nywele, akaniosha, akanisugua. Alikuwa akiongea wakati wote, na kwa sababu alikuwa nyuma yangu sikulazimika kumtazama nikimjibu.

"Kichwa yako iko na kona," aliniambia siku moja. "Nani alikuzaa hivi?"

"Mama yangu."

"Mwambie nimesema pole."

Muhula ulipokaribia kwisha walifanyiwa mtihani wa vitendo. Mtahini alizunguka kiti changu, akanishika kidevu, akaniinamisha. Wiki iliyofuata msichana huyo akaja karakana yetu, akasimama pale mlangoni.

"Nimepita. Kichwa yako imenipitisha, sasa lazima nikulishe. Jumamosi, huko tao, chipsi na kuku. Na uvae."

"Nivae nini?"

"Ati nini? Uvae, wewe. Mimi niko na nguo ya harusi ya binamu yangu. Nilimsimamia, nikaivaa hiyo siku moja tu, sasa inangoja panya. Nikitoka nayo peke yangu watu watasema nimerukwa na akili. Tukiwa wawili watafikiria tunajua tunachofanya."

Wenzangu walipiga miluzi. "Meru, utaoa kabla ujifunze kushona zipu," mmoja akasema, na huo mzaha niliuelewa papo hapo.

Akaongeza, kama jambo dogo, kwamba Jumatatu angeenda Karatina. Alikuwa amepata nafasi katika saluni moja huko, kufanya mazoezi ya kazi mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Jumatano zilikuwa zimekwisha. Nilitaka kumwuliza kama nitamwona tena. Nikamwuliza Jumamosi saa ngapi.

Nilikuwa na koti. Tulikuwa tumeshona makoti muhula huo, na mtu hushona lake mwenyewe. Sasa, koti la kiume halipimwi na mwenye kulivaa. Upana wa mgongo unapimwa na mtu aliyesimama nyuma yako, umeshusha mikono, umetulia. Ukijipima mwenyewe unainua mikono, na ukiinua mikono mgongo unabadilika. Mwalimu alituambia tushikane wawili wawili. Darasa letu haligawanyiki kwa mbili. Wote walipopata wenzao nilibaki mimi na futi yangu shingoni, na mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Ningeweza kumwambia yeyote kati yao, "Ukimaliza nipime na mimi." Badala yake nilivua sweta yangu, nikaitandaza mezani, nikaipima mgongo, nikaandika kipimo hicho.

Kila mshonaji anajua kwamba sweta hutanuka ikivaliwa na hunywea ikivuliwa. Hata mimi nilijua. Siku ile nilikuwa na haraka ya kuonekana nimemaliza.

Jumamosi nilipiga koti pasi, nikalivaa juu ya shati jeupe. Mbele lilikaa vizuri sana. Kola ililala. Nilijiangalia kwenye kioo kidogo cha mlangoni, ambacho hakiwezi kukuonyesha mgongo, nikaenda.

Tulikutana mjini, nje ya hoteli moja ya chipsi, karibu na kituo cha magari. Nguo yake ilikuwa rangi ya zambarau, ndefu mpaka viatuni, na kwa ajili ya baridi alikuwa amevaa sweta ya chuo juu yake. Watu waligeuka kututazama. Mhudumu akaweka soda mezani, akauliza, "Harusi iko upande gani?"

"Tumetoroka," akamjibu. "Usituchome, usiambie mtu."

Mhudumu akacheka mpaka jikoni, na tukasikia huko nao wakicheka. Nilifurahi. Nilifikiri, hivi ndivyo watu wengine wanavyoishi Jumamosi zao. Kisha chipsi zikaja, nikanyoosha mkono kuchukua chumvi, koti likakataa. Lilinishika mabega kwa nyuma. Nikakunja viwiko vikabaki mbavuni, nikawa nainamia sahani badala ya kuinua mkono.

Alinisukumia chumvi.

"Mbona unakula ni kama umefungwa kamba?"

"Ni koti."

"Si umelishona wewe?"

"Ndiyo."

"Na nani alikupima?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya sweta, na alicheka mpaka akafunika uso kwa kitambaa cha karatasi. Mimi pia nilicheka, kwa wakati mmoja na yeye. Kisha akaacha kucheka kabla yangu.

"Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kukupima?"

"Walikuwa na wenzao."

"Na hiyo Jumatano si ulikuja kwangu? Umekaa kwa kiti yangu saa nzima. Si ungesema?"

Nilitazama chipsi. Niliona kwamba kweli ilikuwa rahisi, kwamba ningemwambia tu na angeshika futi akicheka, na kwamba wazo lenyewe halikunijia kabisa. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mimi ndiye kichwa na yeye ndiye mwenye kazi.

"Vua hiyo kitu ule vizuri," akasema. Nikavua, nikala nikiwa na shati, na baridi iliyokuwa ikiingia mlangoni ilikuwa kali, lakini nilikula.

Tulipotoka tulitembea polepole kwa sababu ya nguo yake, aliyokuwa akiishika isiguse matope. Nilijua tukifika kituoni itakuwa basi. Niliuliza nikitazama mbele.

"Naweza kuja Karatina nikusalimie?"

"Lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ni siku ya kusuka watu wa kanisa, hata maji sitakunywa. Na Jumapili wanakuja wale hawana nafasi wiki nzima. Mimi nimepewa Jumatatu ya kupumzika." Akafikiri. "Wiki hii inayokuja naanza kazi, lakini ile nyingine niko. Kuja Jumatatu ile nyingine. Tutazunguka soko, nitakuonyesha."

"Nitakuja."

"Utaambia mwalimu nini?"

"Nitaomba ruhusa."

Akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha gari la kwenda kwao likaita abiria, akainua nguo, akapanda.

Jumatatu ndiyo siku yetu ya kuchora na kukata, na mwalimu wetu hapendi mtu akose. Ruhusa hutolewa kwa msiba, kwa ugonjwa na kwa kufuata karo nyumbani. Kila mtu anajua hivyo, na wanafunzi wengine wamezika nyanya mmoja mara nyingi. Jumanne asubuhi, baada ya majina kusomwa, niliinua mkono. Sidhani niliwahi kuuinua mkono katika darasa lile. Hata mwalimu alichelewa kuuona.

"Sema, Meru."

"Mwalimu, naomba ruhusa Jumatatu ijayo."

"Umefiwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kuna mgonjwa? Mzazi?"

"Hapana. Wako wazima."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nyanya yangu alifariki nikiwa mdogo, na ningeweza kumfisha tena, lakini sikutaka kwenda Karatina nikiwa nimeanza hivyo.

"Basi unaenda wapi?"

"Karatina, Mwalimu. Kumtembelea mtu."

Darasa likalipuka. Mmoja akasema kitu kwa Kikuyu, wakacheka tena, na hicho sikukielewa wala hata sasa sikijui. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kwa upole uliokuwa mgumu zaidi kuliko kicheko.

"Kijana, nikikupa wewe ya kutembea, Jumatatu nitafundisha viti. Kaa chini."

Nikakaa.

Jioni nilimwandikia yule msichana ujumbe. Mimi huandika polepole, nafuta, naanza tena, na mwishowe nikatuma maneno mawili: "Jumatatu nimekataliwa."

Nilikuwa nimeshasonga ugali jibu lake lilipoingia. "Kwani uliomba kweli?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo."

Nikaona kwamba anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Kisha ukaja: "Wewe. Na vile huongei."

Nilisoma hayo maneno nikiwa nimesimama, sufuria mkononi. Nilingoja mengine. Yalikuja baadaye, nikiwa nimeshakula: "Siku wakinipa Jumamosi nitakwambia."

Mama mwenye nyumba wangu ana dada anayesukwa Karatina, na nilimwuliza kama saluni za huko huwapa wasichana Jumamosi ya kupumzika. Alisema hajawahi kusikia. Lakini ujumbe bado ninao, na sijauliza tena. Jumatano hii wanafunzi wapya wa nywele walikuja mlangoni wakitafuta vichwa. Mmoja aliniuliza. Nilimwambia nina kazi, nikaendelea kufumua mshono wa mgongo wa koti ili kulipanua; kitambaa cha akiba kilichobaki ndani ni kidogo sana, na sijui kama kitatosha.