Muuguzi Anayeshuku Kila Sikio

Saa mbili asubuhi, fundi cherehani anakaa kwenye kiti cha chumba namba nne na kuinamisha kichwa. Muuguzi wa masikio anawasha taa aliyoifunga kwenye paji la uso.

"Toa unachokunia," anasema.

"Sikuni kitu, dada."

"Wote wanaokaa hapo hawakuni. Fungua mkoba."

Wagonjwa wamempachika jina la Bi Askari, naye hachukii. Kwa miaka kumi na saba, wagonjwa arobaini kwa siku, amekamata njiti za kiberiti, vifuniko vya kalamu, funguo, hata jino la kitana. Haamini mtu mpaka aone kwa macho yake.

Mkobani mna tepu ya kupimia, chaki na kikopo cha pini. Bi Askari anazitazama pini kwa jicho baya.

"Hizo za kazi!" fundi anang'aka. "Nina akili zangu timamu mimi."

Ndani ya sikio mna utando wa kijivu wenye vidoa vyeusi, kama gazeti lililolowa. Ni fangasi. Wiki tatu sasa fundi anatia matone ya kuua bakteria aliyopewa duka la dawa, na muwasho umezidi. Sikio la kulia limeziba kabisa. Wateja wakimtajia vipimo, anaandika vingine.

"Nimeharibu gauni la bibi harusi," anasema.

Bi Askari ananyonya uchafu kwa mrija mwembamba, polepole, anahakikisha ngoma ya sikio haijatoboka, kisha anatia dawa ya fangasi. Maji yasiingie, anaonya, na yale matone ya zamani yatupwe.

Lakini shaka haijamtoka. Huyu ni wa tatu mwezi huu, baada ya mwashi mmoja na mwalimu mmoja. Hawajuani, hawakai mtaa mmoja, na wote wameapa hawakuni. Fundi akishatoka, Bi Askari anafungua daftari la wagonjwa na kufuata majina kwa kidole. Kidole kinasimama.

Wote watatu walikuja wiki ile ile moja, mwezi uliopita, kuoshwa nta ya masikio, na aliyewaosha ni yeye.

Anaikumbuka wiki ile. Mwenzake alikuwa likizo, foleni imefika getini. Aliwaosha kwa maji, akaita "Anayefuata!", nao wakainuka masikio yakiwa bado majimaji. Hakuwakausha. Fangasi hupenda unyevu wa namna hiyo, na yeye ndiye huwafundisha hayo wauguzi wapya.

"Nilishuku pini, nikashuku duka la dawa, nikashuku hadi mito wanayolalia," anajisemea. "Mikono yangu sikuishuku." Ametahayari, wala hakusudii kuficha.

Anamkuta fundi kwenye korido, miongoni mwa wanaosubiri dawa za kwenda nazo nyumbani.

"Dada, nisamehe. Sikio lako nimeliharibu mimi. Nilikuosha, sikukukausha."

Fundi anamgeuzia sikio la kushoto.

"Sema tena. Upande huu nasikia."

Anarudia kwa sauti, benchi zima likisikiliza.

Mwashi na mwalimu atawapigia simu leo hii. Kisha anataka kubandika karatasi mlangoni, iwaambie wagonjwa wasiinuke kitini kabla hawajakaushwa, hata muuguzi akiwaharakisha.

"Natamani wanishuku kama ninavyowashuku," anamwambia fundi.

Fundi atarudi Jumatatu kukaguliwa. Ameshamwambia Bi Askari aandae pamba kavu, na aiweke mahali pa kuonekana.