Filimbi Iliyokatwa Upana wa Kidole

Ng'ombe wa Mabira hawakufuata fimbo, walifuata filimbi. Tangu mwaka 1924 filimbi hiyo ilikuwa mdomoni mwa Elpidius. Alisimama kando ya birika la udongo, akapuliza, na makundi yote ya kilimani yakashuka kunywa maji. Kwa kazi hiyo kila mwenye boma alimheshimu, naye, tuseme kweli, alijivuna.

Kufikia 1951 meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameondoka bila kuaga, na pumzi ikawa inavuja pengoni. Akaziba pengo kwa nta, nta ikayeyuka. Akapulizia pembeni mwa mdomo, kizunguzungu kikamshika. Alikaa, akasimama, akazunguka migomba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Waitu, mzee wangu, tulia," mkewe Kokubanza alimwambia. "Uzee si kosa."

"Nikitulia nitakuwa nani?"

Gaudiosus, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, hakutaka kumvunjia mzee heshima. Akaamua mabirika mawili yajazwe maji. Huku apulize Elpidius, kule apulize Yustus, mchungaji wa makamo mwenye meno yote, na ng'ombe wenyewe wachague.

Asubuhi ya siku hiyo hofu ilimzidi Elpidius. Akachukua kisu, akaikata filimbi yake upana wa kidole ili isimdai pumzi nyingi. Alipoijaribu, ilitoa mlio mkali, safi, ambao hakuwa ameusikia kwa miaka. Machozi ya furaha yakamtoka, akatembea upesi hadi mabirikani, mzee mzima, nusura akimbie.

Wakapuliza wote wawili. Ng'ombe wakainua vichwa, wakamtazama Elpidius kama wanavyomtazama mpita njia. Filimbi fupi ilikuwa imebadili sauti, nao hawakuijua. Yustus alikuwa ameikata yake zamani kwa kipimo cha ile ya mzee, na ikilia ilitoa sauti ileile waliyokuwa wakiisikia. Kundi zima likageukia kwake.

"Shikamoo, mzee," Yustus alisema, macho chini. "Nisamehe."

Ilimuuma Elpidius, tena ilimuuma sana. Kisha akamwona Bihogo, ng'ombe wake mwenyewe, amesukumwa nyuma na wenzake, hafikii maji. Akaiweka filimbi kwenye nyasi, akaokota kibuyu, akaenda kumchotea katika birika la Yustus.